Jinsi ya Kujifunza Ukerezaji wa Chuma kwa Video na Masomo Shirikishi ya Mtandaoni

Maswali ya wanaoanza ni yale yale kila mara. Je, inawezekana kujifunza ukerezaji bila kupitia chuoni? Nianze na video zipi? Je, ni lazima niwe na mashine yangu kwanza? Na lile linaloulizwa kwa masikitiko kuliko yote: nimetazama video nyingi na ninaelewa kila kinachoonyeshwa, mbona nikisimama mbele ya mashine sijui pa kuanzia? Mwongozo huu umeandikwa ili mwanafunzi apate majibu hayo mahali pamoja, kwa mpangilio anaoweza kuufuata hatua kwa hatua.

Inawezekana, lakini kwa sharti moja. Video inakuonyesha kazi, lakini yenyewe haikuoni. Mkufunzi aliyesimama kando yako husikia sauti ya kisu kabla hujatambua kuwa kuna tatizo, huona kiwiko chako kilipo, na hukuzuia kabla hujaharibu. Ukijifunza peke yako, lazima uwe na kitu kingine cha kukusahihisha, na kitu hicho ni kipimo. Kwa sababu hiyo, kanuni inayouongoza mwongozo huu mzima ni kwamba hakuna somo linalohesabiwa kuwa limekwisha mpaka limekupa namba uliyoipima mwenyewe na kuiandika daftarini.

Njia yenyewe si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, viwanda vya Marekani vilipohitaji mafundi wengi kwa haraka kutokana na Vita vya Pili vya Dunia, Ofisi ya Elimu ya nchi hiyo ilitengeneza mamia ya filamu fupi za mafunzo, nyingi zikihusu kazi za karakana kama kusoma maikromita, kukereza na kukata hesi. Filamu hizo zinapatikana bure mtandaoni hadi leo, na bado zinafaa kutazamwa kwa sababu zinakwenda polepole na hazirukii kitendo hata kimoja. Mavazi na kinga za wafanyakazi wanaoonekana humo zisiigwe, kwa kuwa viwango vya usalama vya sasa ni vikali zaidi.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Simu inatosha kwa video, lakini mazoezi ya mashine za CNC, yaani zile zinazoendeshwa na kompyuta, yanahitaji kompyuta.
- Daftari la kudumu na penseli.
- Kalipa ya vernia ya milimita 150. Chagua ile ya kusomwa kwa mistari badala ya ile yenye kioo cha namba, kwa sababu ya pili itakupa jibu bila kukufundisha kulisoma.
- Maikromita ya milimita 0 hadi 25.
- Jiliwa, tupa bapa, msumeno wa chuma, nyundo, ponchi ya kutia alama, sindano ya kuchorea na guni la chuma, yaani kifaa cha kukagulia unyoofu na pembe mraba.
- Miwani ya kinga na viatu vilivyofunika mguu wote.
- Vipande vichache vya alumini na chuma laini.
- Beringi moja safi ambayo namba yake bado inasomeka. Sababu yake utaiona katika hatua ya tatu.

Mashine haimo katika orodha hii, na haikusahauliwa. Hatua saba za mwanzo hazihitaji mashine. Ukifika hatua ya nane, karakana ya kukodi kwa saa, chuo chenye masomo ya jioni au fundi aliye tayari kukusimamia vitakufaa zaidi kuliko kununua mashine usiyoweza bado kuitambua kama ni nzima au mbovu.

Hatua ya 1: Chagua mashine moja na mfululizo mmoja wa masomo

Anza na mashine ya kukereza, ambayo huzungusha kipande cha chuma huku kisu kikisogezwa kwa mkono. Iachie nafasi yake mashine ya milingi, ambayo kisu chake ndicho huzunguka, mpaka ya kwanza uwe umeizoea. Mienendo ya mashine ya kukereza ni miwili tu ya msingi, kuingia ndani na kwenda kando, na karibu kila utakachojifunza hapo kuhusu kasi, kisu na kipimo kitakusaidia kwingine.

Kisha tafuta mfululizo mmoja wa video uliopangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, uushike huo. Kosa linalowapotezea muda wanaoanza kuliko mengine yote ni kurukaruka kati ya walimu kumi, kila mmoja akiwa na mashine yake, vipimo vyake na mazoea yake. Mwalimu anayefaa utamtambua kwa mambo haya: anataja aina ya chuma, aina ya kisu na idadi ya mizunguko kwa dakika, anaonyesha kipimo kikisomwa mwishoni, wala haishii kwenye kitu kinachong'aa, anaeleza kwa nini amechagua njia hiyo, na amevaa miwani. Video iliyoharakishwa huku muziki ukipigwa inafaa kwa burudani, lakini usiihesabu kuwa somo.

Hatua ya 2: Jifunze usalama kabla ya jambo lingine lolote

Hatua hii haina mbadala, na usiipite kwa kuisoma tu. Nakili kanuni zifuatazo daftarini kwa mkono wako, uzikariri mpaka uweze kuzitaja bila kutazama.

1. Miwani ya kinga huvaliwa kabla ya kuisogelea mashine, hata kama anayekata ni mwenzako.
2. Glavu, pete, saa, mikufu, mikono mirefu iliyolegea na nywele zisizofungwa havikaribii kitu kinachozunguka. Wengi hudhani glavu hulinda mkono, kumbe mashine ikiinasa glavu huuvuta na mkono uliomo.
3. Ufunguo wa kufungia taya hauachwi penye kishikio, yaani kifaa chenye taya kinachoshika na kuzungusha kipande, hata kwa sekunde moja. Mkono hautoki kwenye ufunguo mpaka ufunguo utoke kwenye kishikio, kwa sababu mashine ikiwashwa ufunguo huo hurushwa kwa nguvu inayoweza kuua.
4. Maranda ya chuma, yaani nyuzi na chembe zinazotoka wakati wa kukata, huondolewa kwa brashi au kwa kulabu mashine ikiwa imesimama. Yana makali kama wembe na huwa ya moto.
5. Kupima, kufuta na kugusa hufanywa mashine ikiwa imesimama kabisa.
6. Kabla ya kuwasha, zungusha kishikio kwa mkono mzunguko mmoja kamili ili uhakikishe hakuna kinachogonga.
7. Kabla ya kujua kitufe cha kuwashia, jua cha kuzimia, na uweze kukifikia bila kukitafuta kwa macho.

Tahadhari: katika video nyingi kinga za mashine huondolewa ili kamera ione vizuri. Hilo limefanywa kwa ajili ya picha. Ukiona mtu anakata bila kinga, usilichukulie kuwa sehemu ya mbinu anayokufundisha.

Hatua ya 3: Jifunze kupima kabla ya kujifunza kukata

Hapa ndipo ninapokuomba utulie zaidi kuliko unavyotamani. Anayeweza kupima hujisahihisha mwenyewe, na asiyeweza kupima hubaki akikisia hata baada ya kutazama video mia.

Maikromita ya kawaida ya metriki ina skrubu ambayo kila mzunguko mmoja husogea milimita 0.5, na ngoma yake imegawanywa sehemu 50, kwa hiyo kila sehemu ni milimita 0.01. Ukiona 12.5 kwenye mhimili na mstari wa 23 kwenye ngoma, usomaji wako ni 12.73. Makosa hutokea mara nyingi kwenye ule mstari wa nusu milimita, kwa kuwa anayeanza huuona umejitokeza kidogo akaongeza 0.5 isiyostahili, au hausomi kabisa. Mtandaoni yapo mazoezi shirikishi yanayochora maikromita au vernia kwenye kioo na kukuuliza inasomeka ngapi, kisha kukujulisha papo hapo kama umepata. Yafanye kila siku mpaka uweze kujibu maswali 20 mfululizo bila kukosea.

Kisha chukua ile beringi. Vipimo vya beringi vimewekwa kwa viwango vya kimataifa, na namba iliyochorwa ubavuni hukuambia ukubwa wake. Yenye namba 6201 ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje cha milimita 32 na upana wa milimita 10, na yenye namba 6203 ina 17, 40 na 12. Kwa maneno mengine, unacho mkononi kitu ambacho jibu lake sahihi unalijua tayari. Kipime kipenyo cha nje mara kumi kwa kalipa, ukiifungua na kuifunga upya kila mara, na uandike namba zote kumi bila kuchagua zinazopendeza. Ikiwa beringi ni 6201 na namba zako zimetawanyika kuanzia 31.90 hadi 32.10, tatizo liko mkononi: ama unaibana kalipa kwa nguvu, ama unaishika ikiwa imeinama. Endelea mpaka namba zote kumi zikae ndani ya 0.04. Kwa upana usishangae ukipata pungufu kidogo ya 10, kwa sababu upana wa beringi umeruhusiwa kutofautiana zaidi kuliko kipenyo chake. Tundu nalo husomeka dogo kidogo kuliko lilivyo, kwa kuwa midomo ya ndani ya kalipa ina unene wake na haifiki kwenye mviringo wenyewe.

Kumbuka pia kwamba vipimo vya uhandisi huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Fimbo ya chuma yenye urefu wa milimita 100 iliyopata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 0.023, na ya alumini hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Kipande kilichotoka kukatwa sasa hivi kiache kipoe kabla ya kukipima kwa mara ya mwisho.

Hatua ya 4: Soma mchoro, na utambue inchi na milimita

Jifunze maana ya mstari mzito, mstari wa vipande, mstari wa kitovu, alama ya kipenyo na tofauti inayoruhusiwa. Mchoro ukisema 24 ±0.05, kipande chochote kilicho kati ya 23.95 na 24.05 ni kizuri, na kuhangaika kupata 24.00 kamili ni kupoteza muda.

Mambo mawili huwachanganya wanaojifunza mtandaoni. La kwanza ni kwamba michoro ya Ulaya na ile ya Marekani hupanga sura za kitu tofauti: katika mpangilio wa Ulaya sura ya juu huchorwa chini ya sura ya mbele, na katika ule wa Marekani huchorwa juu yake. Itafute ile alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha kwenye kona ya mchoro, ambayo ndiyo hutaja mpangilio uliotumika. La pili ni vipimo. Walimu wengi wa Marekani hutumia inchi na huzungumzia sehemu ya elfu moja ya inchi, ambayo ni milimita 0.0254. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Usitazame somo la inchi huku ukikisia milimita kichwani. Lisimamishe, ubadilishe namba kwa kikokotoo, kisha uendelee.

Hatua ya 5: Tazama kila video mara tatu, kwa namna tatu

Mara ya kwanza itazame yote bila kusimamisha na bila kuandika, ili ujue kazi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Mara ya pili punguza mwendo wa video hadi robo tatu au nusu, na uisimamishe kabla ya kila kitendo. Ukiisha kuisimamisha, andika unachodhani mwalimu atafanya sasa na sababu yake, kisha uiachie uone. Ukikosea, usifute ulichoandika. Andika kando yake alichofanya yeye. Zoezi hili linachosha, na video ya dakika 15 inaweza kuchukua saa nzima, lakini ndilo linalotenganisha kuelewa na kudhani umeelewa. Anayetazama tu hukubali kila anachoonyeshwa kwa sababu kinaonekana chepesi mikononi mwa mjuzi.

Mara ya tatu zima sauti, ueleze kazi wewe mwenyewe kwa mdomo, kana kwamba unamfundisha mtu aliyekaa karibu. Mahali utakaponyamaza ndipo usipopajua. Rudi hapo tu, huna haja ya kuirudia yote.

Manukuu yanayotafsiriwa na programu yanaweza kukusaidia kufuata lugha ngeni, ila yasiaminiwe kwenye majina ya zana wala kwenye namba. Namba zihakikishe kwa kuitazama picha yenyewe.

Hatua ya 6: Tengeneza kipande cha kwanza kwa tupa

Kata kipande cha chuma laini kwa msumeno, kikubwa kidogo kuliko milimita 30 kwa 30, na unene wowote unaozidi 8. Kazi yako ni kukifanya mraba wa 30.0 kila upande, pembe zote zikiwa sawasawa.

Funga kipande kwenye jiliwa kikiwa kimetokeza kidogo tu. Sukuma tupa mbele kwa uzito, irudishe nyuma bila kuikandamiza. Upande wa kwanza ukiwa umenyooka, weka guni juu yake na uinue kipande kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati, umekula katikati zaidi. Ukipenya kwenye ncha mbili na kuzibwa katikati, mikono yako inapanda na kushuka kama mizani, na upande umekuwa mviringo. Kosa hili la pili ndilo la wengi, na dawa yake ni kupunguza nguvu ya mkono wa mbele kadiri tupa inavyosogea na kuongeza ya mkono wa nyuma, si kuongeza bidii. Paka chaki kwenye upande, uiburuze tupa mara mbili tu, na sehemu zilizopoteza chaki zitakuonyesha tupa inagusa wapi.

Ukimaliza, pima mahali patatu kwa kila upande na uandike namba zote. Zikitofautiana kwa milimita 0.2 umefanya vema kwa mara ya kwanza. Usiivuke hatua hii kwa sababu unaiona ya kizamani, kwa kuwa hapa mkono wako ndio unaozoea jinsi chuma kinavyokubali na kinavyokataa kukatwa.

Hatua ya 7: Tumia programu za kuigiza mashine

Hata kama nia yako ni mashine za mkono, jifunze kidogo namna mashine za CNC zinavyopewa amri, kwa sababu hapa ndipo masomo shirikishi yalipo na nguvu zaidi: unaandika amri, kompyuta inakuonyesha kisu kikipita, na kosa lako halivunji chochote. CAMotics ni programu huria inayoigiza ukataji, LinuxCNC inaweza kuendeshwa kama mashine ya kuigiza bila mashine halisi, na FreeCAD hukuwezesha kuchora kipande na kukitayarishia njia ya kisu. Zote ni za bure.

Andika amri hizi, ambazo huchora mstatili wa milimita 40 kwa 20 wenye kina cha milimita 1:

G21 G90
G00 Z5.0
G00 X0.0 Y0.0
M03 S1000
G01 Z-1.0 F100
G01 X40.0
G01 Y20.0
G01 X0.0
G01 Y0.0
G00 Z5.0
M05
M30

G21 huiambia mashine kwamba vipimo ni milimita, na G90 kwamba vinahesabiwa kutoka sehemu moja ya mwanzo. G00 ni mwendo wa haraka bila kukata, na G01 ni mwendo wa kukata kwa kasi iliyotajwa baada ya F. X na Y hutaja mahali pa kisu kwa kando, na Z kwa juu na chini. M03 huanzisha mzunguko kwa kasi iliyotajwa baada ya S, M05 huusimamisha, na M30 humaliza programu. Kabla ya kuiendesha, chora kwa penseli kwenye karatasi ya mraba njia unayodhani kisu kitapita, kisha ulinganishe.

Baada ya hapo iharibu kwa makusudi. Futa mstari wa G00 Z5.0 ulio karibu na mwisho, uongeze G00 X20.0 Y10.0 mahali pake, na uone kisu kikikimbia ndani ya chuma kwa mwendo wa haraka. Badilisha G21 iwe G20, na 40 yako itageuka inchi 40, yaani milimita 1016. Usiache kuandika nukta ya desimali pia, kwa kuwa mifumo mingine husoma X40 isiyo na nukta kama sehemu 40 za elfu ya milimita. Makosa haya matatu yamevunja visu vingi kwenye mashine halisi, na ni afadhali uyaone kwenye kioo kwanza.

Hatua ya 8: Nenda kwenye mashine ukiwa na hesabu mkononi

Siku ya kwanza usiwe peke yako. Mwombe anayekusimamia akuonyeshe kitufe cha kuzimia, namna ya kubadili kasi, na kama vipimo vya gurudumu la kisu vinahesabu kina au kipenyo. Swali hili la mwisho ni la lazima: kwenye mashine inayohesabu kina, kisu kikiingia milimita 0.1 kipenyo hupungua 0.2.

Kasi ihesabu ukiwa bado nyumbani. Zidisha kasi ya kukata, kwa mita kwa dakika, mara 1000, kisha ugawanye kwa kipenyo kilichozidishwa mara 3.14. Kwa chuma laini na kisu cha HSS, yaani cha chuma kigumu kinachostahimili joto la kukata, mita 25 kwa dakika ni mwanzo salama. Fimbo ya milimita 25 itahitaji basi mizunguko karibu 318 kwa dakika, nawe utachagua kasi ya mashine iliyo karibu na hiyo kwa upande wa chini. Kwa alumini anza na mita 75, ambayo kwa fimbo hiyo hiyo ni karibu mizunguko 955.

Chukua fimbo ya milimita 25, uifunge kwenye kishikio chenye taya tatu ikiwa imetokeza milimita 40. Nyoosha uso wake wa mbele, kisha ukereze urefu wa milimita 20 kufikia kipenyo cha 24.00. Usijaribu kufika kwa mkupuo mmoja. Tuseme umekata mara moja, ukazima, ukapima na kupata 24.62. Zimebaki 0.62 za kipenyo, sawa na kina cha 0.31. Ingiza 0.20 tu. Kwa hesabu unatarajia 24.22, lakini unapima na kupata 24.24. Tofauti hiyo ya 0.02 ni habari kuhusu mashine yako, kisu chako na chuma chako, ambayo hakuna video ingeweza kukupa. Iandike. Sasa ingiza 0.12, ukate kwa mwendo ule ule wa mara iliyopita, na uache fimbo ipoe ndipo uipime.

Ukipitisha gurudumu, usilirudishe kidogo tu hadi kwenye namba unayoitaka, kwa kuwa skrubu ina ulegevu na kisu hakitasogea. Lirudishe nyuma nusu mzunguko, kisha uikaribie namba kwa kuelekea mbele.

Hatua ya 9: Tafuta jicho la mtu mwingine

Masomo ya moja kwa moja kwa video na kozi zenye wakufunzi wanaojibu yana thamani ukiwa na kitu cha kuonyesha. Swali la "mbona kazi yangu ni mbaya?" halijibiki. Tuma picha ya kipande chini ya mwanga wa ubavuni, picha ya kisu kilivyofungwa, aina ya chuma, kipenyo, mizunguko kwa dakika, kina, vipimo ulivyotarajia na ulivyopata. Mjuzi akipata hayo yote mara nyingi hutambua tatizo bila kuuliza swali la pili. Ukiweza, tuma na video fupi yenye sauti ya mashine ikikata.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Mashine inanguruma au kupiga kelele kali, na uso una mawimbi.* Kuna kitu kinatikisika. Kagua kwa mpangilio huu: kipande kimetokeza kiasi gani, kisu kimetokeza kiasi gani kwenye kishikio chake, kisu kina makali, kasi ni kubwa mno. Fimbo iliyotokeza zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake ishikizwe na kitovu cha kichwa cha nyuma, yaani ncha inayoshika mwisho wa fimbo upande wa pili wa mashine.

*Kipenyo ni kikubwa upande wa mbali na kishikio.* Ikiwa fimbo haikushikizwa nyuma, inapinda kukikwepa kisu. Punguza kina au uishikize. Ikiwa ilishikizwa, kichwa cha nyuma huenda hakiko kwenye mstari, na hilo lirekebishwe pamoja na anayekusimamia.

*Kichuguu kidogo kimebaki katikati ya uso wa mbele.* Kisu hakiko kwenye urefu wa kitovu. Rekebisha kwa vibati vyembamba chini yake mpaka kichuguu kitoweke.

*Tundu la keekee limehama kutoka kwenye alama.* Alama ya ponchi haikuwa na kina cha kutosha, au biti imenolewa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwenye mashine ya kukereza anza kwa keekee fupi ya kitovu kabla ya biti ndefu.

*Programu ya kuigiza haionyeshi kosa, lakini mashine inakataa amri.* Mifumo ya mashine hutofautiana kidogo katika amri inazozikubali. Soma kijitabu cha mashine hiyo, na uendeshe programu mpya juu ya hewa kwanza, kisu kikiwa mbali na chuma.

*Ninaelewa video lakini sikumbuki kitu nikifika karakanani.* Inaelekea mara ya pili na ya tatu za hatua ya tano zilirukwa. Andika kazi ya siku hiyo kwenye ukurasa mmoja, vitendo visivyozidi kumi, kila kimoja na namba yake, uubandike mahali unapouona ukiwa umesimama kwenye mashine.

*Walimu wawili wanapingana.* Angalia kwanza kama wanazungumzia chuma kile kile, kisu kile kile na mashine ya uzito ule ule, kwa kuwa mara nyingi kila mmoja ni sahihi kwa mashine yake. Ikiwa yote yanafanana, na njia zote mbili zinaheshimu kanuni za hatua ya pili, kata nusu ya fimbo kwa njia ya mmoja na nusu kwa njia ya mwingine, upime zote mbili zikiwa zimepoa, na uandike namba hizo kwenye ukurasa mmoja wa daftari pamoja na kasi na kina ulichotumia.